Aliyeketi Nyuma ya Seva

Jua lilikuwa linazama nilipotoka jengo la utawala na mkanda wa kunakilia data mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Seva ya bohari yetu ya dawa ilikuwa imechoka, inakoroma kama mgonjwa wa pumu, na siku yoyote ingekata roho na kumbukumbu zote za dawa zipotee nayo. Mashine mpya ilishaletwa. Kila kilichokuwa kwenye ile ya zamani tulikuwa tumekwisha kukinakili kwenye mkanda, na mkanda ukafungiwa jengo lingine kwa kuogopa moto. Kilichobaki ni kuurudisha kwenye mashine mpya mpaka iwe pacha wa ile kuukuu: mafaili yale yale, watumiaji wale wale, hata jina lile lile.

Mafundi tulikuwa wawili tu, mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mtu wa maneno, mtu wa kelele. Huniita "mke mdogo" mbele za watu mpaka nataka ardhi inimeze. Asubuhi alikuwa ameniambia, "Wewe lete mkanda jioni, mimi nitakutangulia."

Kwa hiyo sikushangaa kukuta mlango wa chumba cha seva uko wazi nusu.

Taa ya chumba ilikuwa imeungua, mwanga ulikuwa wa skrini tu. Alikuwa ameketi kule nyuma, upande wa pili wa kabati la seva, uso gizani. Shati lake nililijua. Na bega lake nililijua, lile lililoinama kidogo.

"Shemeji, ndiyo umeamua kulala kazini?"

"Umeleta?" akauliza. Kwa kunong'ona.

"Nimeleta. Sauti imeenda wapi leo?"

"Koo tu... Fanya wewe. Mikono yangu ina baridi."

Kulikuwa na harufu mle ndani. Haikuwa ile ya vumbi la mashine zilizopata moto, hiyo nimeizoea. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, uliochimbuliwa muda si mrefu. Nikadhani bomba limepasuka nje. Nikachomeka simu yangu kwenye chaji, maana ilikuwa imezima tangu mchana. Kisha nikausukuma mkanda mahali pake, nikafungua programu ya kurejesha, nikabofya.

Krrr... tk. Krrr... tk.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini.

"Dada yako," akasema nyuma yangu, "huwa anaamka saa ngapi?"

Nikacheka. "Wewe unayelala naye ndiye unaniuliza mimi?"

Hakucheka.

"Niambie tu."

"Alfajiri. Si unajua?"

"Na mtoto... analala chumba kipi?"

Nilimjibu. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilimjibu. Labda ni kwa sababu aliuliza kwa sauti ndogo ya mtu anayeumwa, na mimi macho yalikuwa kwenye skrini. Akauliza dada yangu akikasirika hunyamaza au hupiga kelele. Nikamwambia. Akauliza mtoto anaogopa nini. Nilidhani ni ule utani wake mrefu, nikawa nangojea mahali pa kucheka.

"Unamjua mwanao mwenyewe, shemeji. Anaogopa mbwa wa..."

"Wa jirani," akamalizia. "Yule mwekundu, wa sikio moja."

Habari ya sikio sikuwa nimemwambia.

Mstari wa kijani ulikuwa umevuka nusu.

Ndipo nilipogundua kwamba hanong'oni tena. Sauti ilikuwa inakomaa, inapanda, inapata ule mkwaruzo wake ninaoujua. Kwenye kioo cha skrini niliona kivuli chake. Hakikuwa kule nyuma tena. Kilikuwa kimesogea, na mimi sikusikia kiti wala hatua.

"Ikimaliza," akasema, "iunge kwenye mtandao. Na ile ya zamani usiizime."

"Haiwezekani. Mbili zenye jina moja hazikai kwenye mtandao mmoja. Moja itaitoa nyingine. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua. Iache tu. Itatoka yenyewe."

Krrr... tk.

"Mbona unatetemeka, mke mdogo?"

Akacheka. Kicheko cha shemeji. Kile kile, na kikohozi chake mwishoni.

Simu yangu ikawaka. Dada.

"Uko wapi wewe!" Alikuwa analia. "Nimekupigia mpaka vidole vinauma. Shemeji yako kaletwa mchana na teksi, homa imempanda ghafla kazini. Alikuwa anaongea vizuri tu... Tangu jua lizame hanijui. Ananiuliza mimi ni nani. Sasa hivi kamtazama mtoto, kauliza huyu ni wa nani."

Pumzi ya baridi ilinigusa sikioni, pamoja na ile harufu ya udongo.

"Ni mke wangu huyo? Nipe niongee naye."

Upande wa pili dada akauliza polepole:

"Nani huyo... anayeongea kwa sauti ya mume wangu?"

Mstari ulikuwa umebakiza kipande cha upana wa kucha. Programu ikiwa inasoma, mkanda hautoki, umefungwa. Nikapiga magoti chini ya meza, nikashika waya wa umeme kwa mikono miwili.

"Usifanye hivyo," akasema. "Shemeji. Tafadhali."

Nikauvuta.

Giza. Mashine mpya ikashuka sauti, ikashuka, ikafa. Karibu yangu mtu alikuwa anapumua kwa shida, kama anayezuia kilio.

"Bado kidogo tu," akasema. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu..."

Mlango ukalia.

Mlinzi alinikuta bado nimekumbatia miguu ya meza. Alimulika tochi kila kona. Hapakuwa na mtu. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa, na sakafuni kulikuwa na nyayo za tope zisizoelekea popote. Mlinzi akanipa maji, akanikalisha nje.

"Pole, binti," akasema. "Lakini mbona shemeji yako amekuacha? Amepita hapa getini muda huu huu. Kanisalimia, kanitania na mimi."

Nilikimbia mpaka nyumbani kwao.

Nilimkuta shemeji mezani, anakunywa maji, mtoto kapakatwa. Macho makavu, homa hakuna. "Mke mdogo," akasema, "mbona kama umefukuzwa na jini?" Dada alinieleza kwamba baada ya simu ile alipata hofu, akamnyakua mtoto, akakimbilia kwa jirani kuomba msaada. Waliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Shemeji alikuwa amesimama uani, ametoka kujimwagia maji, mzima wa afya, anamwita mkewe kwa jina.

Kesho yake tulifungua mashine mpya. Ndani, kwenye ukuta wa chuma, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichobanwa kwa gundi. Mlikuwa na nywele, kucha zilizokatwa, na picha ndogo ya shemeji iliyobanduliwa kwenye kitambulisho chake cha zamani. Boksi lilikuja limefungwa na mhuri wa kiwandani. Meneja aliliona kwa macho yake. Mama wa usafi alinivuta pembeni, akaniambia fundi aliyekuwa pale kabla ya shemeji aliondolewa kwa ubaya, na siku aliyoondoka aliapa kwamba hata huyo aliyeletwa hatakaa. Tulimtafuta. Alikuwa amehama, hakuna anayejua wapi.

Shemeji alikitazama kile kifurushi, akacheka, akakichoma moto mwenyewe nyuma ya bohari. Kazi ya kurejesha mkanda akaimaliza peke yake. Mashine inafanya kazi vizuri mpaka leo.

Niliomba uhamisho.

Ilipita miezi kabla sijapata moyo wa kumuuliza dada. Tulikuwa jikoni kwake, sebuleni shemeji anamrusha mtoto juu na mtoto anacheka mpaka anapaliwa.

"Dada," nikamwambia kwa sauti ya chini, "usiku ule mlinzi alimwona mtu anatoka. Kwa miguu, kutoka kule mpaka hapa... wewe una uhakika aliyekuwa uani ni..."

Akaniwekea mkono mdomoni. Mkono ulikuwa na sabuni.

"Yule wa kwanza," akasema, "alikuwa ananipiga. Hukujua. Hakuna aliyejua. Alikuwa anacheka na nyinyi, halafu anafunga mlango."

Nikamtazama.

"Huyu hajaninyanyulia hata sauti. Huyu huniuliza nimelalaje, na hungoja nimjibu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hayakunihama. "Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu. Usimchunguze."

Sebuleni kicheko kikakatika.

"Nyie," shemeji akaita, kwa upole, "mnanong'ona nini huko?"

Dada akafungua bomba la maji mpaka mwisho.

"Hamna kitu, baba," akajibu. "Tunaosha vyombo."