Udongo Ulioshika Rangi

Mtaani walimwita Zambarau, maana mikono yake haikutakata hata siku ya harusi. Kazi yake ilikuwa kutia rangi nyuzi. Asubuhi alichemsha pipa na kuchovya mafungu ya nyuzi. Jioni alimwaga maji ya rangi mferejini. Yalikwenda wapi? Hakujisumbua kuuliza.

Yalikwenda kwa dada yake.

Dada aliishi chini bondeni, nyumba ya tatu. Marehemu mumewe alimwachia kisima. Mwaka huo maji ya kisima yakaanza kubadilika. Dada hakupiga kelele. Kila asubuhi alichovya kitambaa cheupe kisimani, akakianika kwenye uzio wake, ulioonekana kutoka dirisha la ndugu yake kule juu. Kila asubuhi kitambaa kilitoka na zambarau. Kisha alibeba ndoo, na magoti yake mabovu, akapanda kilima hadi bombani.

"Afadhali angenitukana," Zambarau alimwambia mkewe.

"Akutukane ya nini? Kitambaa kinatosha."

Alichimba shimo, awe anamwaga humo. Wapi! Maji yalipenya ardhini, kitambaa kikazidi kukolea. Akaona dunia imemwelemea. Akiacha kazi, watoto watakula nini? Akiendelea, dada atakunywa nini?

Mkewe ndiye aliyemwita Bibi Afya, mpimaji wa maji wa eneo lile. Alipima maji ya pipa, akarudi baada ya wiki na mfuko wa unga wa kijivu.

"Udongo?" Zambarau akacheka kwa uchungu. "Tope ninalo tele, Bibi Afya."

"Si kila udongo, baba. Huu una tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine, kama kurasa za daftari. Kwa macho huzioni. Rangi inaingia katikati ya kurasa, inanasa humo. Rangi yako nimeijaribu, inanasa. Ukibadilisha rangi, niite nipime upya. Nyingine zinataka udongo wa aina nyingine."

Wakakoroga unga ndani ya pipa, nusu saa nzima. Wakauacha utulie. Kesho yake udongo ulikuwa umetuama chini, zambarau tupu. Maji ya juu yalikuwa maangavu.

"Si ya kunywa," Bibi Afya alionya. "Lowekea nyuzi. Na huu udongo uliotumika..."

"Nimeelewa, nimeelewa!" Zambarau alikuwa anaruka kwa furaha. Hakuelewa kitu.

Mdomo wa kisima cha dada ulikuwa na nyufa. Siku ile, Dada alipokwenda bombani, Zambarau alichukua udongo uliotumika, akaziba nyufa zote. Maskini, alidhani anatengeneza undugu. Mvua ikanyesha siku tatu.

Siku ya nne kitambaa kilikolea kuliko vyote. Dada alipanda mwenyewe hadi mlangoni kwake.

"Umekosa pa kumwaga, ukaona unimwagie mdomoni?"

 Zambarau aliketi kando ya pipa akalia, mtu mzima na ndevu zake.

"Udongo hauli uchafu, baba," Bibi Afya alimwambia alipofika. "Unaushika tu. Ukilowa tena, unaweza kuuachia. Ukaushe chini ya paa, uutie mifukoni, ufunge. Gari la halmashauri litauchukua. Usiutupe shambani, usikandikie ukuta."

Waliubandua wote kisimani. Shimo likafungwa. Kisima nacho kikafungwa, kikabaki cha kuchovyea kitambaa tu.

"Kitapona?" Zambarau aliuliza.

"Huenda. Siwezi kukuahidi."

Tangu hapo hakumwaga hata tone mferejini. Kila alfajiri alimpelekea dada ndoo mbili. "Weka hapo," Dada alisema. Hakumkaribisha ndani. Miezi ikapita. Vitambaa vikaanikwa: zambarau, zambarau hafifu, na mvua ikinyesha, zambarau tena. Zambarau alikata tamaa kabisa. Alikoroga udongo bila tumaini, lakini alikoroga.

Asubuhi moja uzio ulikuwa mtupu. Moyo ukampiga paa. Dada amechoka hata kumwonyesha! Akashuka na ndoo zake.

Dada alisimama mlangoni, kitambaa mkononi. Kilikuwa cheupe.

"Sinywi mpaka Bibi Afya apime," alisema.

"Usinywe, dada. Usinywe."

Machozi yakamtoka. Dada akamnyooshea kitambaa ajifute. Zambarau akaficha mikono nyuma.

"Nitakichafua."

"Basi inama," Dada alisema, akamfuta mwenyewe.