Skrubu Isiyoguswa

Itangazwe kwa mataifa yote kwamba likizo hii nilikuwa mtafiti wa fizikia. Kwa maneno machache, nilifuta meza katika maabara ya mama mdogo, kwa sababu mama aliona heri nivunje vitu vya dada yake kuliko vyake.

Kila asubuhi mambo yalikuwa yaleyale. Mama mdogo mbele ya kompyuta, mimi nikifuta vumbi lisilokuwepo, na fundi wa mitambo akinywa chai nje ya mlango, maana ndani hairuhusiwi. Jumatatu aliitema yote. Ilikuwa na chumvi, akalilaumu duka. Ni yeye aliyeniita Kiroboto, eti siwezi kutulia dakika tano.

"Ndani ya kikopo hiki kuna chembe ndogo mno, nukta za kwanta," mama mdogo alinieleza. "Elektroni imefungiwa humo kama wewe bwenini. Ukikibana chumba chake, inahangaika na nishati yake inapanda. Ukiwasha sumaku, inabadilika tena. Tunajua kwa kuangalia rangi ya mwanga zinaoutoa nukta hizo."

"Sasa utajuaje ni kipi kilichoibadilisha?"

"Nagusa kimoja kimoja. Wiki hii ni zamu ya sumaku. Skrubu ya kukibana kikopo haiguswi na mtu."

Haiguswi na mtu. Ndiyo maneno ya kumwambia kiroboto?

Jumatano nilimkuta mama mdogo akifunga kichupa cha rangi ya kucha, ingawa kucha zake hazikuwa na rangi. Sikujali. Alipotoka kupokea simu, niliizungusha skrubu robo mzunguko. Hakuna kilicholipuka, nikajitangaza sina hatia.

Saa moja baadaye aliwasha sumaku, akainamia kompyuta.

"Fundi, njoo uone. Nishati imepanda mara mbili ya hesabu zangu."

Akampigia profesa wake, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Kesho yake angesimama mbele ya jopo lililokuwa likiamua kama aendelee na mtambo ule au upewe mtu mwingine. Sasa alikuwa na jambo la kuwaonyesha. Jambo lenyewe lilikuwa kidole changu.

Nikakaa. Nikasimama. Nikafuta meza ileile mara nne. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

"Unawashwa na nini?" mama mdogo akauliza.

"Joto tu."

"Humu mna baridi kama friji."

Fundi akakohoa. "Mtoto akinyamaza, tafuta alichovunja. Akihangaika, tafuta alichoficha."

"Mama mdogo," nikasema, "tuseme kuna mtu amegusa ile skrubu. Mtu wa kufikirika tu."

Aliinama juu ya kikopo. Mstari mwembamba mwekundu, aliouchora kwa ile rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kifuniko, ulikuwa umekatika. Kisha akanishika mkono na kukigeuza kidole gumba. Chekundu.

"Na huyu mtu wako wa kufikirika hupaka rangi kidole kimoja?"

"Ni mimi," nikasema. "Robo mzunguko. Kabla hujawasha sumaku."

Nikasubiri anifokee. Badala yake akainua simu. "Profesa, nambari za leo si za sumaku. Kikopo kilibanwa. Naomba hadi Ijumaa."

Akapewa. Alhamisi tuliirudisha skrubu na kupima yote upya, yeye akisoma na mimi nikiandika, saa tisa mfululizo juu ya kiti kigumu. Nishati ilipanda kidogo tu, kama hesabu zake zilivyosema. Ijumaa jopo lilimwachia mtambo wake.

"Usiniombe radhi kwa ajili ya skrubu," aliniambia jioni hiyo. "Skrubu hurudi mahali pake. Ungenyamaza, ningesimama mbele ya wenzangu na kusema uongo bila kujua, na neno langu lisingerudi. Kosa likisemwa mapema ni kazi ya siku moja. Likifichwa, anayelilipia ni mwingine."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, nikidhani kesi imefungwa.

"Kwa kuwa leo tunasema ukweli," fundi akasema kutoka nje ya mlango, akikoroga chai yake polepole, "ile chumvi ya Jumatatu?"

Nikaangalia dari. Dari haikunisaidia.

"Duka halina kosa, fundi. Nayo ni mimi."