Kwa Nini Njia ya Baiskeli Inapinda

Nimechoka kuulizwa. Wageni wanafika uani kwangu na baiskeli zao, vichwani wamevaa kofia kama mabakuli, halafu wanamwuliza kiongozi wao kwa nini ile njia iliyonyooka tangu barabarani inapinda ghafla kule chini, inaacha mfereji, inakwenda kupita mlangoni kwa mtu. Kiongozi kwa uvivu wake ananinyooshea kidole: muulizeni bibi. Bibi ana ndizi za kumenya. Niliishia darasa la tatu, lakini kuandika najua, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena atapewa karatasi.

Njia hiyo ilikuwa mali ya watu wawili. Khamisi, fundi wa Pasua kule mjini, alikuwa na baiskeli kumi na mbili alizookota zikiwa mifupa akazifufua moja moja. Fabian, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na mdomo. Aliwapandisha wageni huku Masama akawaonyesha kahawa, mapango ya kujifichia wakati wa vita na mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee, ambayo sisi tunaiita mifongo. Alinionyesha na mimi nikitwanga kahawa, kama vile nilikuwa natwanga kwa ajili yao.

Mambo yalianza na matope.

Kila Alhamisi jioni Khamisi aliosha baiskeli zote, akazipanga uani kwake na kufunga geti, maana Ijumaa hapokei wageni. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini akakuta ya mwisho mstarini ina matope. Halikuwa vumbi la Pasua. Yalikuwa matope meusi, mabichi, ya huku juu kwetu, na kwenye spoku kilikwama kipande cha jani refu la kijani, limekatwa mshazari.

"Raya," alimwita mkewe. "Nani katoka na baiskeli?"

"Atoke apitie wapi? Ufunguo si unao wewe?"

Akajipapasa. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa kanzu.

Mtu mwingine angeogopa hapohapo. Khamisi alishuku. Aliona Fabian kachonga ufunguo wa pili, anapandisha wageni wake kwa siri. Ijumaa iliyofuata, kabla ya kwenda kuswali, alizungushia kila tairi mstari wa chaki. Aliporudi chaki ilikuwa kama alivyoiacha, hakuna baiskeli iliyosogea hata upana wa kidole, na tatu zilikuwa na matope. Keria ya ile ya mwisho ilikuwa imelowa, kama imekaliwa na mtu mwenye nguo mbichi. Ua mzima ulinuka mbege iliyochacha, kwenye nyumba ambamo halijawahi kuingia hata tone la pombe.

Fabian alipokuja Jumamosi, Khamisi hakumkaribisha kiti.

"Unakuja kunywa nyumbani kwangu?"

"Mimi nikinywa huwa siachi hata harufu, kaka. Namaliza vyote." Fabian akacheka peke yake. "Muulize shemeji. Mwanamke anayebaki peke yake kila Ijumaa, geti limefungwa..."

Raya alikuwa nyuma ya pazia. "Malizia," alisema.

"Nilikuwa natania, shemeji."

"Malizia, nikusikie."

Khamisi alikuwa ameshika lile jani, na Fabian alipoliona akameza mate. Raya alimwona akimeza. Aliniambia mwenyewe baadaye, nami nikamwamini, kwa sababu mtu aliyesingiziwa huwa na macho.

Ijumaa ya tatu Khamisi alizigeuza baiskeli zote juu chini, zikasimama kwa viti na mikono, matairi hewani. Raya akabaki jikoni, mlango ameuacha wazi upana wa jicho, amshike mwizi, asafishe jina lake. Ilikuwa mchana mweupe. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kinatoa hotuba na jua lilikuwa linachoma mabati, na Raya akasikia gurudumu moja likianza kuzunguka polepole, tiki, tiki, tiki, halafu la pili, halafu yote pamoja kwa mwendo mmoja kama yanasukumwa mlimani na watu waliochoka, na maji meusi yakaanza kudondoka kutoka kwenye matairi yaliyokuwa makavu, na ile harufu ya mbege ikaja mpaka ikamkaa ulimini, na akasikia mtu akishuka, mtu mzima, akiguna kama wanavyoguna wenye magoti mabovu, halafu nyayo tupu zilizolowa juu ya sementi, moja, nyingine, zikipita baiskeli ya kwanza, ya pili, ya tano, bila haraka, mpaka zikasimama nyuma ya ule mlango alioushika, na mlango ukasukumwa, na hapakuwa na mtu.

Khamisi alimkuta sakafuni amenyoosha miguu mbele kama tunavyokaa sisi wazee, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anasema Kichagga. Raya ni mtoto wa Pasua. Kichagga chake ni salamu ya sokoni tu. Sasa alikuwa anakisema kile cha zamani, cha wazee waliokwisha nikiwa bado mtoto. Chakula alikataa. Maji akipewa yalitoka pembeni mwa mdomo. Siku ya pili midomo ikampasuka.

Jumamosi hiyo akaitwa Mwalimu Abdulsalam, ambaye ametoa majini nusu ya Pasua. Alisoma tangu asubuhi mpaka alasiri. Akamwuliza yule aliye ndani: wewe ni nani, na unataka nini kwa mwanamke huyu? Raya akamjibu mara moja tu, kwa Kiswahili, kwa sauti kavu isiyo yake.

"Mwulizeni mwenye panga."

Mwalimu akafunga kitabu. "Khamisi, huyu sitamtoa mimi. Hataki kufukuzwa, anataka kupelekwa kwake. Leo hajanywa maji, kesho kutwa utanunua sanda. Ni nani hapa mwenye watu wake huko matope yanakotoka?"

Wote wakamtazama Fabian, aliyekuwa amekuja kuchukua baiskeli za wageni.

"Mimi nina kikao cha harusi," Fabian akasema.

"Utakwenda na viatu au bila viatu?" Khamisi akamwuliza taratibu, naye akasimama mlangoni. Tangu nimfahamu yule fundi sijamsikia akitisha mtu mwingine.

Khamisi na Fabian wakampandisha Raya kwa gari mpaka kwangu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na ukungu ulikuwa umeshuka kwenye migomba. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke yule. Akateremka, akanitazama, akaniita kwa jina nililoitwa kabla ya ubatizo, jina ambalo aliyekuwa akilitumia ni mtu mmoja tu, bibi yangu mzaa baba. Mimi si mwoga. Lakini kinu nilikiacha na kahawa ndani.

Akasema kwa Kichagga kwamba magurudumu yanapita juu ya kichwa chake. Kila siku, magurudumu, na kivuli chake kimekatwa.

Nikachukua fimbo, nao wote wakanifuata. Miguu yangu hainifikishi kule chini ila Desemba, watoto wanapokuja Krismasi na tunakwenda kumwagia wazee mbege. Siku ile ilinifikisha. Bibi alizikwa karibu na mfongo, juu yake pana jiwe pana, na kulizunguka jiwe tulipanda masale. Huo ni mmea wetu wa kaburini na mipakani. Ukimkosea mtu unafunga jani lake fundo, unampelekea, naye hawezi kukunyima msamaha. Basi nikakuta masale yamefyekwa mpaka chini, yamekatwa mshazari. Jiwe lilikuwa limeng'olewa, limelazwa juu ya mfongo kuwa daraja. Na pale lilipotoka ndipo njia ilipopita, katikati kabisa, na alama za matairi juu yake.

"Fabian. Njia hii ilikuwa ipite wapi?"

"Shangazi..."

"Nakuuliza wewe."

"Ilikuwa izunguke. Ipite kwangu, kwenye kahawa."

"Miti mingapi?"

"Kama thelathini."

"Na huyu fundi ulimwambiaje?"

Khamisi ndiye aliyejibu. "Nilimwuliza haya majani ni ya nini. Akaniambia ni maua tu, bibi."

Hakuna ambacho Fabian alikuwa hajui. Mtu wa mjini angekosea kwa ujinga. Yeye alimkanyagisha mama wa babu yake ili miti yake thelathini isikatwe, halafu alipoona jani limefuata tairi mpaka Pasua, akamsukumia aibu mwanamke wa watu.

Nikamwambia avue viatu. Akaenda kukata jani la masale kwenye ua wangu, akalifunga fundo, akampa Raya kwa mikono miwili, amepiga magoti kwenye matope. Raya alilitazama muda mrefu. Ukungu ulikuwa unapita kati yao. Akalipokea. Kisha akanyoosha kidole, akachora hewani kutoka kwenye mfongo, kupitia kahawa ya Fabian, mpaka mlangoni kwa Fabian, akalegea.

Alipofumbua macho aliomba maji, akanywa vikombe vinne.

"Khamisi, mbona umenileta kwenye baridi hivi?" Akaona jani mkononi. "Na hili nalo la nini?" Akalitupa.

Fabian alitazama lilipoangukia. Mimi sikuliokota; Raya mwenyewe alikuwa bado hajaombwa msamaha.

Jiwe alilirudisha peke yake, na kila aliyetaka kumsaidia nilimzuia. Masale akapanda upya. Kahawa aliyorithi kwa baba yake akaikata kwa panga lilelile, miti thelathini na mmoja, tuliihesabu. Njia sasa inapita kizingitini kwake na vumbi linaingia kwenye sufuria yake.

Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyofuata Fabian akapanda baiskeli aongoze wageni, na baiskeli haikwenda. Tairi la nyuma lililala kama limebeba watu wawili, na keria ikalowa. Khamisi akaifungua yote, akaona haina ubovu. Akampa nyingine, ikawa vilevile. Zote kumi na mbili alizijaribu.

Ndiyo maana yule mnayemwona akitangulia mbele ya wageni hana baiskeli. Siku za wageni hulala Pasua, anaondoka kabla ya jua, anapanda Masama kwa miguu, anashuka kwa miguu, kwenye mvua na kwenye jua, mwaka wa tatu huu. Msimhurumie mkampakia. Mgeni mmoja alimpakia hapa mteremkoni kwangu, na baiskeli ikasimama palepale, mteremkoni, na yule mgeni akageuka kutazama ni nani mwingine aliyepanda.