Mpaka Benchi la Nyuma

Jumamosi ile Emelyne alifika ukumbini mapema, amevaa gauni la kitenge cha bluu lililopigwa pasi mpaka marinda yakasimama. Benchi la nyuma lilikuwa tupu, lakini hakujali. Gervas alikuwa njiani akitoka Usevya, na yeye alikuwa na neno moja la kumwambia mbele ya watu wote. Wanaklabu wakaingia, wakakaa, benchi likabaki tupu. Kisha Happiness, mwenyekiti wa klabu, akatoka nje kupokea simu. Aliporudi hakuweza kumtazama Emelyne usoni. Gari alilopanda Gervas lilikuwa limepinduka.

Emelyne na Gervas walikuwa wamejuana sokoni Mpanda, katikati ya kelele za wauza dagaa na vipaza sauti vya mitumba. Emelyne alikuwa ameketi nyuma ya maharage ya kwao Mishamo. Kijana mwenye kofia nyekundu akainama.

"Dada, bei unaniambia mimi au unayaambia maharage?"

"Nimeshasema, kaka. Masikio ni yako."

"Ee! Kumbe ukichokozwa unasikika! Njoo kwenye klabu yetu."

Gervas alikuwa fundi simu, na kila Jumamosi aliwafundisha vijana kuzungumza mbele za watu. Pale klabuni kila mgeni alipewa mlezi, na mlezi alikaa benchi la nyuma kabisa. Sauti isipomfikia, aliinua kofia. Mwanzoni kofia ya Gervas haikushuka. Shuleni walikuwa wamemcheka Emelyne kwa lafudhi ya Kirundi, naye akazoea kumeza maneno.

"Lafudhi yako usiiguse, mpenzi," Gervas alimwambia siku moja, na neno hilo la mwisho likamtoka kabla hajajiandaa. "Mimi nataka sauti tu."

Mvua zilipokatika, Emelyne naye alikuwa mlezi wa wengine, na alipewa zamu ya kupima hotuba. Kanuni ya kupima ilikuwa sifa mbili na kasoro moja. Wiki hiyo zoezi lilikuwa hotuba ya kuomba. Mmoja aliomba kazi, mwingine akaomba radhi. Gervas aliposimama, alimwomba Emelyne awe mke wake.

Emelyne akainuka kumpima.

"Mzungumzaji umetamka vizuri, na mwanzo wako umetuvuta. Ila macho umeyaangusha chini. Anayeomba mke aangalie watu usoni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Gervas akavaa kofia yake, akatoka.

Kesho yake kibanda chake kilikuwa kimefungwa. Alikuwa amekwenda Usevya kumsaidia mama yake kuvuna mpunga, na simu hakupokea.

"Nyie wawili mtaniua," Happiness alimwambia Emelyne pale sokoni. "Ile haikuwa hotuba, mwenzangu. Alinisumbua wiki nzima nimpe nafasi ya kukuposa."

Emelyne akakaa palepale juu ya gunia, akatoa simu.

Alipiga simu tena na tena, hadi Ijumaa ikapokelewa.

"Haloo, mpimaji."

"Gervas, nisamehe. Nilidhani ni zoezi."

"Hasira zilipopoa nikajua. Na macho kweli niliyaangusha. Nilikuogopa."

"Nimekubali."

"Sijasikia."

"Nimekubali, we!"

"Huku Usevya nimesikia. Benchi la nyuma bado. Kesho nakuja, usimame mbele unitamkie."

"Na ukiinua kofia?"

"Utarudia mpaka wakusikie Mishamo, kipenzi."

Walimzika Usevya. Ulipofika wakati wa salamu za rambirambi, mama yake, Pudensiana, aliuliza kama kuna mtu wa klabu. Emelyne akasimama na lile gauni la bluu. Watu walikuwa wamejaa mpaka pembeni mwa shamba la mpunga. Aliwaangalia usoni.

"Gervas aliniomba, nami nikachelewa kumjibu. Jibu langu ni hili. Nimekubali."

Wanawake waliokuwa wakisonga ugali nyuma ya nyumba waliisikia sauti ile, wakaacha mwiko sufuriani. Pudensiana akamshika mkono.

"Mkwe wangu," akasema, akampa ile kofia nyekundu.

Klabu bado inakutana kila Jumamosi. Emelyne sasa anamlea Aurélie, binti mgeni anayenong'ona. Anakaa benchi la nyuma, kofia ikiwa magotini, na sauti isipomfikia, anaiinua.