Anayegonga Chini ya Winchi

Mnyororo wa nanga ulitoka baharini mkavu. Mkavu kabisa, na unanuka nywele zilizoungua. Hapo ndipo nahodha wa lile boti la mizigo alipomwita fundi.

"Winchi inajiwasha yenyewe," alinong'ona. "Swichi nimezima, nanga inapanda. Mabaharia wangu wameshuka, hawataki kurudi. Wanasema ni jini."

"Jini gani anajua umeme?" fundi alifoka. "Oili ya gia ulibadilisha lini?"

Nahodha akampisha kwenye winchi.

Fundi ndivyo alivyokuwa, habembelezi mtu. Alifungua winchi, akakuta oili imeingia maji ya chumvi hadi ikawa nyeupe kama uji. Ndani ya swichi, shaba zilikuwa zimegandana kwa kutu. "Jini lako hili hapa," akasema. Akamwaga oili, akasugua shaba, akafunga breki mpya. Kazi safi. Hapo simlaumu.

Namlaumu kwa kilichofuata. Alikuwa akiligonga sanduku la gia kwa nyundo, asikilize kama beringi imelegea, ndipo kitu kikamjibu kutoka chini, kwenye shimo unamolala mnyororo.

Ngo.

Akajua ni shemeji yake, mume wa dada yake, msaidizi wake ambaye kazi yake ilikuwa kuingia shimoni kuupanga mnyororo usijibane. Mtu wa mizaha kupindukia. Hata nyumbani kwake hakuwa akipiga hodi. Alikuwa akigonga mara mbili ili mkewe avute mlango, maana kazini mara moja ni "simama", mara mbili ni "vuta". Sheria hiyo aliiweka fundi mwenyewe. Winchi ikinguruma maneno hayaeleweki, kwa hiyo aliye shimoni agonge kwa nyundo. Akipiga kelele, shauri yake.

"Umeanza utoto," fundi alisema akiinama kwenye tundu la shimo. "Haya, tuone kama unakumbuka. Simama?"

Ngo.

"Vuta?"

Ngo.

"Mara mbili, mjinga! Nimekufundisha miaka yote hii!"

Kisha, taratibu, kama mtoto anayejaribu herufi: ngo... ngo.

"Safi. Kumbe hata punda anafundishika."

"Punda gani tena, shemeji?"

Shemeji alikuwa nyuma yake, kopo la grisi mkononi.

"Fundi, tushuke," nahodha alisema. "Nakuomba. Tushuke sasa hivi."

"Ni mwangwi," fundi akasema, na jasho likimtiririka mgongoni. Arudi nyuma mbele ya nahodha ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumcheka? Thubutu. "Ingia, shemeji, tujaribu mashine."

"Una hakika hamna mtu humo?"

"Unaogopa giza? Nimwambie dada nimtafutie mume mwingine?"

Shemeji akacheka. "Hatapata mzuri kama mimi." Akaingia. Jua lilikuwa la utosini.

Fundi akabonyeza swichi. Winchi ikavuta vizuri, mnyororo ukapanda mkavu, pete baada ya pete, na ile harufu ikapanda nao, nzito, hadi nahodha akaziba pua kwa shati.

Halafu sauti kutoka shimoni: "Shemeji, simama!"

"Gonga!" fundi alinguruma.

Ngo, ngo.

Akavuta. Sauti ikaita tena, safari hii jina la mkewe, na nahodha akamshika fundi mkono akilia kwamba huyo ni mtu, huyo ni mtu anayekufa, lakini fundi akamsukuma kwa kiwiko, kwa sababu sheria ni sheria na kugonga kulikuwa wazi, ngo, ngo, ngo, ngo, kwa furaha, kama mtoto aliyesifiwa, na akaendelea kubonyeza hadi sauti ikakatika na winchi ikawa nyepesi, laini, haijawahi kuvuta vizuri hivyo.

Alipoachia swichi ndipo alipoiona nyundo. Ilikuwa miguuni pake. Shemeji alishuka mikono mitupu.

Shimoni, mnyororo ulikuwa umepangwa vizuri mno. Shemeji alikuwa katikati ya mapindo yake, vipande juu na vipande chini.

Fundi alimtoa mwenyewe, kwa ndoo. Jeneza akalipigilia misumari mwenyewe, dada asije akaona, akaliweka chumbani kwa dada, wasubiri kuzika asubuhi. Dada akaketi kando ya jeneza usiku kucha.

Kulipopambazuka chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua. Dada akainua kichwa.

Ngo, ngo.

"Kaka!" Uso wake uling'aa. "Umesikia? Ni yeye! Ndivyo anavyogonga!"

"Dada, usiguse."

"Yu hai, na wewe umempigilia misumari! Mara mbili ni vuta, si ulisema mwenyewe?" Kucha zake tayari zilikuwa chini ya kifuniko, na msumari wa kwanza ukaanza kutoka, ukisukumwa kutoka ndani.