Mkono Mmoja Mfukoni

Kila akitoka shule, binti alivua viatu, akala chochote kilichobaki jikoni, kisha huyo, mbio hadi karakana ya shangazi yake, fundi wa redio. Kazi yake ilikuwa kufagia vipande vya waya na kupanga skrubu. Siku hizo mezani palikuwa na mgeni: amplifaya ya marehemu babu, yenye valvu, zile taa za kioo za mashine za kale. Ilikuwa imelala kabatini miaka kumi na minane.

Kabla masikio yake hayajaziba kabisa, bibi alitaka kusikia mkanda ambao babu alirekodi akipiga gitaa.

"Si tulikuwekea kwenye simu, mama?" shangazi alimtania.

"Yule wa kwenye simu ni mbu. Mimi namtaka mume wangu."

Shangazi akamgeukia binti. "Valvu hizi hazipatikani tena. Tukiiwasha kwa pupa, tumeiua. Tunahitaji pawasaplai, ile mashine ya mezani, ili tupandishe umeme kidogo kidogo. Babu yako alibandika karatasi ndani ya kifuniko. Isome uone inataka volti ngapi. Kesho utanisaidia kuchagua."

Karatasi ilijaa vumbi, na wenzake walikuwa nje wakiruka kamba. Binti akajisemea atasoma baadaye. Baadaye ikawa kesho.

"Umesoma?" shangazi aliuliza njiani.

"Ndiyo, shangazi."

Duka la vifaa vilivyotumika lilikuwa na pawasaplai mbili. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, yenye tarakimu zinazong'aa, mwisho wake volti thelathini. Nyingine ilikuwa kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, yenye mishale miwili ya kupimia, nayo ilifika mia nne. Binti akaonyesha ile ya kung'aa.

"Itatosha?"

"Itatosha."

"Basi. Ukisema wewe, mimi naamini."

Muuzaji akaanza kuitia kwenye boksi. Maneno ya shangazi yalimchoma binti. Akamkumbuka bibi, akaona aibu.

"Shangazi, nilidanganya. Sikuisoma."

Shangazi akamwomba muuzaji asubiri, wakarudi karakana.

Walipofuta vumbi, mwandiko wa babu ukaonekana: *Volti mia tatu. Pandisha taratibu. Mkono mmoja mfukoni.*

"Mkono mfukoni wa nini?" binti aliuliza.

"Umeme usije ukapita mkono hadi mkono, ukipitia moyoni."

Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni, akacheka hadi akafuta machozi. "Kumbe! Miaka yote nilidhani ni maringo. Na mfuko ule nimeushona mara tatu."

Wakaenda kuchukua ile nzito. Jumamosi, shangazi, mkono mmoja mfukoni, alizungusha kitufe: hamsini, wakangoja, mia, wakangoja tena. Mshale ulitulia. Ilipofika mia tatu, valvu zilikuwa zimeiva rangi ya machungwa, shangazi akawasha kicheza kanda, na gitaa likajaza chumba. Bibi alifumba macho.

"Ndiye," alisema.

Wimbo ulipokwisha, shangazi alimshika binti bega. "Ile ya kung'aa isingefika hata robo ya njia, lakini ile tungeirudisha dukani. Uongo ni mbaya zaidi. Fundi akisema amepima na hajapima, anayeungua ni yule aliyemwamini. Ulisema kweli kabla hatujachelewa, na mimi bado nakuamini. Siku nyingine sema tu hujasoma, tusome pamoja."

"Nimesikia, shangazi."

"Rudisheni mwanzo," bibi alisema, bado kafumba macho. "Na yule mtoto asiguse kitu kabla sijamshonea mfuko."