Ardhi Inayovuta Pumzi

Kila asubuhi Kokoto alimwagilia maua. Maua yalipandwa kando ya ukuta wa nyumba yao, chini ya dirisha la chumba cha cherehani. Alitumia maji ya kusuuzia nguo, ili yasipotee bure. Alipenda sana wakati huo. Udongo ulikunywa maji kwa sauti ndogo. Povu lilibaki juu kidogo, kisha likapasuka. Kokoto aliinama akasikiliza. Maji haya yakishazama yanakwenda wapi? Huko chini kuna nini?

Asubuhi moja ukuta ulimjibu.

"Pa!"

Sauti ilikuwa kavu, kama ubao uliovunjwa gotini. Kokoto aliruka nyuma na ndoo yake. Ufa ulianza kwenye kona ya dirisha, ukashuka kama ngazi hadi chini.

Baba alitoka na mswaki mdomoni. Mama alitoka na futi ya kupimia shingoni.

"Tena?" baba aliuliza.

"Ufa wa mwaka jana umepata mdogo wake," mama alisema.

Baba hakucheka. Alikuwa fundi mwashi, na nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Watu walipita njiani wakiona nyufa. Nani angemwita amjengee? Alisukutua, akachanganya saruji, akachukua mwiko.

"Kokoto, niletee maji," alisema.

Jina hilo baba ndiye aliyempa. Tangu utotoni binti huyo alirudi nyumbani na mawe mfukoni. Mama alichoka kushona mifuko iliyotoboka.

Kwenye kiwanja cha jirani ilikuwa ijengwe zahanati. Ujenzi wenyewe ulikuwa haujaanza. Kulikuwa na mashine moja tu, inayotoboa ardhi na kutoa udongo wa chini. Aliyeisimamia alikuwa mwanamke mwenye kofia ngumu na buti zilizojaa tope. Alimwona baba akiziba ufa, akasogea kwenye uzio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Vipi, mmepata mafuta huko chini?"

"Tungepata mafuta, ungeniona na viatu vizuri zaidi ya hivi."

Baba alicheka. Mwanamke huyo akaomba kuuona ufa. Aliutazama kwa muda mrefu, kama daktari anayetazama kidonda.

"Ukuta wako umejengwa vizuri," alisema. "Ugonjwa hauko hapa. Uko chini."

"Wewe ni fundi wa nini hasa?" mama aliuliza.

"Mimi ni mhandisi wa jiolojia, mama. Watu wakitaka kujenga jengo, barabara au bwawa, mimi huuliza kwanza: ardhi hii inaweza kubeba mzigo huo? Ikiwa haiwezi, tufanye nini?"

"Na ardhi inajibu?"

"Inajibu. Ila haina haraka."

Alileta kekee ndefu ya chuma, ile ya kutobolea ardhi, inayozungushwa kwa mikono. "Nani ana nguvu hapa?" aliuliza. Kokoto alikuwa amejificha nusu nyuma ya mlango. Miguu yake ilisogea yenyewe.

Walizungusha pamoja. Kila mara kekee ilipotoka, mhandisi aliukung'uta udongo wake juu ya ubao. Wa juu aliuweka mwanzo, wa chini aliuweka mwisho. Kisha akachukua bonge jeusi, akaliviringisha kati ya viganja. Likawa jembamba kama kamba ya kiatu. Halikukatika.

"Jaribu na wewe," alimwambia Kokoto.

Kokoto aliviringisha. Kamba ikarefuka. Ilikuwa laini, yenye ubaridi.

"Udongo wenye mchanga mwingi ungekatika," mhandisi alisema. "Huu una udongo mwingi wa mfinyanzi. Huu wenu ukipata maji unavimba. Ukikauka unasinyaa. Ni kama kifua cha mtu aliyelala. Sasa mama, haya maua mnayamwagilia mara ngapi?"

"Kila siku," mama alijibu. "Kokoto haachi."

"Basi upande huu unavimba kila siku, na upande ule mwingine ni mkavu. Nyumba inanyanyuliwa upande mmoja. Lazima ipasuke."

Mama alishika mdomo. "Jamani! Kumbe tunamwagilia nyufa!"

"Na mimi naziba juu tu," baba alisema polepole.

Mhandisi aliwaeleza la kufanya. Wahamishe maua mbali na ukuta. Baba amwage zege kuzunguka nyumba, liwe na mteremko wa kupeleka maji nje. Waweke mifereji kwenye paa, maji ya mvua yasianguke kwenye msingi. Kisha wasubiri udongo utulie, ndipo wazibe ufa. "Mkiona ufa unazidi kupanuka, au ukuta unainama, tokeni ndani na mumwite mtaalamu. Msijaribu bahati."

Kokoto hakusikia maneno ya mwisho. Alikuwa anautazama ubao. Mwisho kabisa, baada ya udongo mweusi, kulikuwa na mchanga na vijiwe vya mviringo.

"Hivi vimelainishwa na nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na maji. Zamani sana mto ulipita hapa, chini ya nyumba yenu."

Kokoto alifumba macho. Aliuona mto huo. Ulipita chini ya kitanda chake, chini ya cherehani, chini ya sufuria jikoni. Vijiwe vilibingirika polepole, vikigongana. Kisha mto ukahama, tope likatanda, nyasi zikaota. Na wao wakaja juu yake na vikombe vyao vya chai, bila kujua.

Alipofumbua macho, mhandisi alikuwa anafunga vifaa. Kokoto alimfuata hadi kwenye uzio.

"Samahani, dada. Mtu anaanzaje?"

Mhandisi alikaa juu ya jiwe. "Anaanza shuleni. Hisabati, fizikia, kemia na jiografia. Usiziogope. Mimi fizikia ilinitoa machozi, nikarudi tena kwenye kitabu. Halafu chuo kikuu, miaka kadhaa. Wengine huanza na chuo cha ufundi, wanakuwa mafundi sanifu, kisha wanaendelea. Ukihitimu unafanya kazi chini ya wazoefu kabla ya kusajiliwa. Siku nyingine uko ofisini na kompyuta. Siku nyingine uko mlimani, unaangalia kama mteremko utaporomoka. Kuna visima, kuna migodi, kuna njia za chini ya ardhi."

"Na wanawake?"

"Mimi ni nani?"

Wote wawili wakacheka. Baba alikuwa amewasikia.

"Huyu anakwenda ualimu," alisema. "Shule iko hapo ng'ambo ya barabara. Ni kazi ya kivulini."

Kokoto aliangalia chini. "Ndiyo, baba," alisema.

Baba alifanya yote aliyoambiwa. Maua yalihamia karibu na uzio. Zege lilizunguka nyumba kama mkanda. Mvua zilikuja, zikanyesha, zikaondoka. Mlango uliokuwa ukikwama sasa ulifungwa kwa kidole kimoja. Ufa ulizibwa ukabaki umezibwa. Wateja walipouliza, baba aliwaambia, "Kwanza tuione ardhi yako."

Lakini shuleni siku ya kuchagua masomo ilikaribia. Sayansi, au masomo mengine? Kokoto hakula vizuri. Alasiri moja wote watatu walikuwa kwenye chumba cha cherehani. Mama alishona. Baba alisafisha miwiko yake. Nje kulikuwa na mwanga laini wa jua linaloshuka, na mashine za ujenzi wa zahanati zilisikika.

"Kesho unaandika masomo ya kukupeleka ualimu, sivyo?" baba aliuliza.

Cherehani ilinyamaza. Mama alimtazama binti yake.

"Baba," Kokoto alisema. "Ualimu ni kazi nzuri, lakini si yangu. Nataka sayansi. Nataka kuwa mhandisi wa jiolojia."

Baba aliendelea kufuta mwiko uliokwisha kutakata.

"Ni kazi ya jua na vumbi," alisema.

"Na yako je?" mama aliuliza.

"Nani atamwoa na mabuti yale?"

"Wewe ulinioa mimi na sindano mdomoni."

"Watampeleka mbali. Milimani huko. Migodini."

"Kuna kofia, kuna sheria za usalama," Kokoto alisema. "Nitafundishwa, baba. Nitakuwa mwangalifu."

Baba aliweka mwiko chini. Alitafuta mzaha mwingine, asiupate. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Si jua," alisema. "Si mabuti wala mume. Kaandike sayansi, mwanangu. Mimi naogopa tu kwamba utakwenda mbali, na nitakukosa. Nilikuwa nataka kusema hivyo tu."